Tansyo ya Mapafu ya Gisèle

Kindu, Mikelenge, tarehe 15 mwezi wa tisa 2024, siku ya Mungu

Yaya wangu Kavuo, dada yangu mkubwa,

Jambo sana huko Butembo. Uko mzima? Ule mguu uliokusumbua wakati wa kiangazi umepona, ao bado unaamka nao asubuhi umekakamaa kama mti? Shemeji yako Barnabé anakusalimia, Yvette anakusalimia, hata majirani wasiokujua wanakusalimia, juu ninakutaja kila siku. Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mmoja, na kwa sababu ya huyo mmoja nimenunua daftari hili.

Nimefikiri hivi. Kwenye simu sauti inakatika, na tena Yvette anasikia kila kitu. Kwa hiyo nitakuandikia kidogo kidogo katika msimu huu wa mvua, kisha nitampa Rodrigue, yule mfanyabiashara wa vitenge anayeenda kwenu kila Noeli, akuletee. Usicheke maandishi yangu. Unajua nilifika darasa la sita tu, na hilo la sita nilimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Huyo mmoja ni Gisèle, mtoto wa Yvette, mjukuu wetu. Ana miaka mine. Ulimwona kwenye picha, amevaa robe yake ya manjano. Picha haionyeshi namna anavyopumua. Akipanda ngazi tatu za duka la Barnabé anakaa chini kama mzee aliyetoka shamba. Akila, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Mwezi uliopita muuguzi aliweka sikio lake na chombo chake kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza muda mrefu, akasema: “Kuna kelele.”

Yaya, unajua neno hilo lilinifanya nini. Kwa Louis, mwanangu, walisema neno hilohilo.

Tarehe 18

Mvua ya kwanza ya kweli. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Tarehe 24

Leo tulienda hospitali. Kuna daktari amefika toka Kinshasa, jina lake Nestor, na mashini ya ekografi, ile ya kutazama ndani ya mwili kama wanavyotazama mimba, inayoingia ndani ya sakosi, mfuko wake wa mgongoni. Atazunguka Maniema mpaka Noeli akitafuta watoto wenye moyo mgonjwa, na kila majuma sita atapita hapa Kindu.

Tulipotoka nyumbani, jirani yetu Adolphine alikuwa anafagia. “Munaenda wapi wote hivi?” Yvette akamwambia tunaenda kumfanyia mtoto ekografi. Adolphine akaacha ufagio. “Ekografi? Mutoto wa miaka ine? Iko na mimba ya nani?”

Gisèle akamjibu mwenyewe, kutoka mgongoni kwangu: “Ya mikate!” Kweli, asubuhi alikuwa amekula mikate mine ya kukaanga.

Tulicheka mpaka barabarani. Kule ndani kicheko kikaisha. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, ana sauti ya chini. Alipotaka kumpaka ile mafuta ya baridi kifuani, Gisèle alipiga kelele, watu wa nje wakachungulia. Mimi nilimshika mikono, nikamwambia daktari apime haraka. Yeye akaondoa mkono wake kabisa.

“Sipimi kilio, Mama,” akasema. “Mutoto akilia, tansyo ya mapafu, ile nguvu ya damu ndani yake, inapanda. Nitaandika namba ya hasira yake, haitakuwa namba ya ugonjwa.”

Basi tukangoja. Akanipaka mimi ile mafuta kwenye mkono, Gisèle akaigusa kwa kidole, akaisikia ni baridi, akampaka daktari. Kisha nikamfunga mgongoni, nikatembea naye kwenye baraza nikimwimbia, mpaka kichwa chake kikawa kizito. Nikamlaza kwenye mapaja yangu. Hapo ndipo daktari alipoweka ile sonda ya mashini kifuani, polepole kama mtu anayefuta machozi.

Yaya, nimeuona moyo wa mjukuu wangu. Unapiga kama kifaranga kwenye ngumi. Kuna rangi nyekundu na rangi ya buluu zinazopita. Daktari alitueleza: ukuta kati ya vyumba viwili vya chini una tundu. Damu inapitia pale, inakimbilia kwenye mapafu ambayo tayari yana damu yao. Mapafu yanapokea mzigo wa watu wawili. Mishipa yake inasukumwa mchana na usiku. Na kuna mlango mmoja ndani ya moyo unaovuja kidogo. Yeye anapima mbio za damu inayovuja pale, na kwa mbio hizo anajua tansyo iliyo nyuma yake, bila kuingiza kitu chochote mwilini.

Tansyo ya mapafu ya mtoto, alisema, inatakiwa iwe makumi mbili na kitu. Ya Gisèle ni makumi saba na nane.

“Sasa swali ni moja,” alimwambia Yvette. “Mishipa ya mapafu iko laini bado, ao imekuwa migumu? Mwezi wa kwanza wapasuaji watakuja Kinshasa, watafunga matundu ya watoto. Kama mishipa iko laini, Gisèle anaenda. Kama imekuwa migumu, tukifunga tundu tunamuua. Nitamupa dawa ya kulegeza mishipa. Nyuma ya majuma sita nitapima tena. Ikishuka, njia iko.”

“Na isiposhuka?” Yvette akauliza.

Akafuta ile mafuta kwenye kifua cha mtoto kwa kitambaa. “Tupime kwanza.”

Jioni nilimweleza Barnabé. Yeye anauza vipuri vya baiskeli, kila kitu anakileta huko. Akakamata tairi iliyokuwa mlangoni, akaifinya kwa dole gumba. “Mi nikifinya hivi najua pumzi ya ndani. Siifungui. Uyo docta anafanya vilevile.” Kisha akaiacha tairi, akamtazama Gisèle aliyelala.

Tarehe 26

Yvette anafundisha shule ya msingi, anatoka asubuhi anarudi saa tisa. Mume wake Didier yuko Pangi anachimba madini, anaonekana mara moja kwa miezi mitatu. Kwa hiyo mtoto ni wa kwangu mchana wote, na dawa ni ya kwangu. Nikaenda kuinunua.

Yaya, nitakuandikia jambo la aibu.

Farmasi ni ya Ayoubu, mzee wa hapa, mtu wa msikiti, mwenye adabu. Alisoma ile karatasi ya daktari, akavaa miwani, akasoma tena. “Mama Yvette, hii wameandikia nani?”

“Mjukuu wangu.”

Kulikuwa na vijana wawili wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wanangoja dawa ya kichwa. Mmoja akachungulia boksi aliloliweka Ayoubu juu ya meza, akaruka. “Eee! Kumbe Papa Barnabé bado iko na nguvu! Njo maana anauza tairi akipiga miluzi!”

Mwenzake: “Mama Shemasi, usiogope, siri yako iko kwetu. Lakini umuambie papa achukue nusu, roho yake isisimame!”

Ayoubu aliwafukuza kwa fimbo ya ufagio. Lakini nilikuwa nimeelewa. Ni vile vidonge vya buluu, Yaya. Vile wanaume wazee wanavyonunua kwa kujificha wakienda kwa wasichana. Hata wewe huko unavijua kwa jina. Daktari amemwandikia mtoto wa miaka mine!

“Mi naijua kwa ile kazi yake,” Ayoubu aliniambia kwa sauti ya chini. “Kwa mutoto siijui. Lakini ameandika kipimo kidogo sana, kipande tu. Umuulize docta mwenyewe.”

Nimuulize namna gani? Mimi mwanamke wa miaka hamsini na mine, shemasi, nisimame mbele ya kijana nimtajie kitu kama hicho? Ayoubu alivisaga, akavifunga kwenye vikaratasi vidogo, kimoja kwa kila mara. Nikavibeba kwenye kifua changu mpaka nyumbani, nikavificha ndani ya sanduku, chini ya sare ya kwaya.

Yvette alipouliza nilisema: “Dawa iko.” Huo haukuwa uongo.

Tarehe 27

Sijalala vizuri. Acha nikuambie kitu ambacho sijakuambia kwa miaka makumi mbili na miwili.

Unakumbuka mwaka wa 2002 barua zilikuwa hazipiti. Mji ulikuwa umezungukwa. Hakuna aliyethubutu kwenda shambani, wanaotoka hawarudi. Treni hakuna. Chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kisu. Louis alikuwa na miaka mitatu, midomo yake imekuwa kama zambarau, anachuchumaa katikati ya uwanja ili apate pumzi. Nilikuandikia baadaye kwamba Mungu alimchukua, na ni kweli. Ambacho sikuandika ni hiki: askari mmoja alikuwa anauza vidonge vyekundu kwenye soko, anasema ni vya pumzi. Nilimpa kitenge changu cha harusi, akanipa vidonge vine. Nikampa Louis vyote kwa siku mbili. Siku ya tatu alikufa.

Sikuwahi kujua vilikuwa vya nini. Barnabé hajui. Yvette alikuwa mdogo. Wewe ni wa kwanza.

Sasa niambie, Yaya, mkono huuhuu umpe mtoto mwingine kidonge ambacho hata mwenye farmasi hakijui?

Tarehe 28

Nimechemsha maji, nimetia asali inayotoka kijiji cha Tunda, nimeomba juu yake, nimempa kwa kijiko asubuhi, mchana na jioni. Yvette akauliza: “Mama, umemupa?” Nikasema: “Nimemupa.” Na kweli nilimpa. Asali.

Tarehe 3 mwezi wa kumi

Nimempa. Mvua.

Tarehe 6, siku ya Mungu

Kundi la maombi lilikuja baada ya ibada. Waliomba kwa nguvu, Gisèle akaogopa, akajificha chini ya meza. Nimempa.

Tarehe 11

Treni imefika na sukari, watu wote wako kituoni. Nimempa. Leo amecheza kidogo na watoto wa Adolphine, nikasema moyoni: unaona?

Tarehe 17

Mvua siku tatu. Gisèle anakohoa. Nimemlaza juu ya mito miwili. Yvette alikaa pembeni yake na tumbo lake (ana mimba ya miezi sita, nilisahau kukuandikia hilo, akili yangu iko wapi). Akanishika mkono, akasema: “Mama, bila weye ningefanya nini? Saa zote tatu hujakosa hata siku moja.”

Nikatoka nje kuangalia kama nguo zimeanuliwa. Zilikuwa zimeanuliwa.

Tarehe 25

Nimempa.

Tarehe 30

Nimempa. Sipendi tena kuandika neno hili.

Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja

Kipimo cha pili. Gisèle alimkumbuka daktari, akanyoosha mkono mwenyewe apakwe ile mafuta ya baridi. Hakulia. Alilala kwenye mapaja yangu, macho wazi, akitazama rangi. Nilikuwa naomba ndani ya tumbo langu, na nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeomba majuma sita.

Daktari alipima mara tatu. Kisha akaweka kalamu chini.

“Makumi nane,” akasema.

Yvette: “Imepanda?”

“Iko palepale, karibu. Dawa haikusogeza kitu.” Alizungumza taratibu, akitafuta maneno. “Hii ni ishara mbaya, Mama Gisèle. Mishipa ikiwa laini, dawa hii inailegeza, hata kidogo. Isipolegea hata kidogo, maana yake pengine imekwisha kuwa migumu. Siwezi kumutia kwenye liste ya watoto wanaoenda Kinshasa. Watamufungua, na hatatoka.”

Yvette hakulia. Alimvalisha mtoto robe, akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akakosea, akavifungua, akaanza tena. Kisha akasema: “Aksanti, Docta.”

Na mimi, Yaya? Mimi nilikaa. Nilisema nitasema barabarani. Barabarani nikasema nitasema nyumbani.

Tarehe 6

Sikusema. Yvette hakwenda shule. Amelala na mtoto kifuani. Barnabé hakufungua duka.

Tarehe 7

Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Alfajiri Barnabé alikuwa anaweka kahawa. Akaniambia: “Docta anaondoka kesho Kasongo, na liste anaituma leo. Sema aksanti kwa Mungu, tumejaribu.” Neno hilo, tumejaribu, liliniangukia. Nani alijaribu? Nikafungua sanduku, nikatoa vikaratasi vya Ayoubu, vyote, nikavimwaga mbele yake juu ya meza.

Hakuelewa. “Njo nini?”

“Dawa ya Gisèle.”

“Ilibaki?”

“Haikuanza.”

Alinitazama, Yaya. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, sijaona macho yale. Nilidhani atanipiga, yeye ambaye hajawahi. Akanisogezea kandambili zangu kwa mguu. “Vaa. Tunaenda. Na Yvette aende na siye, asikie kwa kinywa chako.”

Mvua ilikuwa inapiga. Tulienda wanne chini ya turubai moja. Yvette anauliza kuna nini, baba yake anamwambia utasikia. Daktari alikuwa anafunga sakosi yake. Nikaweka vile vikaratasi juu ya kitanda cha wagonjwa. Vilikuwa vimeloa pembeni.

“Docta, mutoto hakupata dawa,” nikasema. “Nilimupa maji ya asali. Nilidanganya binti yangu, nilidanganya weye, siku makumi ine.”

Daktari akasimama. “Mama. Hata mara moja hakupata?”

“Hata mara moja.”

“Niapie.”

“Shemasi haapi. Lakini njo hivyo.”

Basi, unajua alifanya nini? Alicheka! Alijishika kichwa kwa mikono miwili, akageuka ukutani, akasema “Aksanti Mungu, aksanti Mungu,” kama mtu aliyepata mtoto. “Sasa dawa haikushindwa!” akasema. “Haikujaribiwa! Namba iko palepale kwa sababu hakuna kitu kiliigusa!” Akafungua tena sakosi, akatoa karatasi ya liste, akaandika kitu.

Na palepale nyuma yangu nikasikia Yvette. Hakupiga kelele. Alisema polepole: “Kila jioni nilikuuliza.”

“Yvette, mwanangu...”

“Kila jioni. Ukaniambia umemupa. Juzi nimelala nikimuaga mutoto wangu, Mama. Nilimuaga. Na weye ulikuwa kwenye chumba kingine, unajua.”

Nikaanza kuvikusanya vile vikaratasi vilivyoloa.

Daktari akanikalisha. Akauliza kwa nini. Sikuweza kutaja, lakini yeye alijua, kumbe si mimi wa kwanza. Akasema bila aibu yoyote: “Dawa hii inalegeza mishipa, ni hivyo tu. Mshipa haujui kama ni wa mwanaume ao wa mutoto. Na mishipa ya mapafu inaisikia sana. Ningekueleza siku ya kwanza kwamba ni vile vya buluu. Hilo ni kosa langu, niliona haya mbele ya mama mukubwa.” Kwa hiyo tuliona haya wote wawili, Yaya, na mtoto alikuwa katikati.

Ndipo nilipomwambia habari za Louis. Mbele ya Barnabé, mbele ya Yvette. Vidonge vyekundu, kitenge, siku ya tatu. Nikamuuliza: “Docta, ni miye nilimuua?”

Ningejua kama angenidanganya. Akasema: “Mama, siwezi kupima mutoto ambaye sikumuona. Lakini midomo ya zambarau, kuchuchumaa, miaka mitatu, na mji umefungwa... Ule ugonjwa ulikuwa unamuchukua tayari. Siwezi kukuambia vidonge vilikuwa nini. Naweza kukuambia havitoshi kubeba kifo chote peke yao.”

Barnabé aliweka mkono juu ya mgongo wangu. Mkono wake ulikuwa umelowa maji ya mvua, lakini ulikuwa na joto.

Daktari amempa Yvette vikaratasi vipya vya dawa ileile. Yvette, si mimi. Kipimo cha mwisho ni tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili. Jina la Gisèle liko kwenye liste na alama ya kuuliza pembeni.

Tarehe 10, siku ya Mungu

Nimekwenda kwa mchungaji, nimemwambia kila kitu, nimevua utepe wa ushemasi. Akasema nikae bila utepe mpaka mwaka mpya. Ni haki.

Tarehe 13

Yvette anampeleka Gisèle shuleni kila siku. Anamlaza juu ya mkeka nyuma ya darasa. Nyumba imenyamaza. Kwenye meza yangu ya maharagi mbele ya nyumba nimeuza vikombe vitatu tu, akili iko mbali, hata sikusikia mtu akipunguza bei.

Tarehe 19

Ananisalimia: “Jambo, Mama.” Nami: “Jambo, Yvette.” Basi.

Sikasiriki naye. Zamani nilikuwa nafikiri Yvette ni mpole kupita kiasi, sasa naona ni mimi nilikuwa sijamwona. Anaamka saa kumi na moja na tumbo lile, anampa mtoto dawa, anamfunga mgongoni kwenye tope mpaka shuleni, anafundisha watoto sitini, anampa tena, anarudi. Hajanisema kwa jirani hata mmoja. Adolphine bado anafikiri daktari alibadilisha dawa.

Tarehe 22

Gisèle alinijia jioni, akapanda mapajani. “Koko, kwa nini hauniimbie tena?” Nikamwimbia. Yvette alikuwa mlangoni, akatuacha tumalize.

Tarehe 28

Mvua kubwa, barabara ya shule imekatika. Saa saba mchana Yvette alitokea, viatu mkononi, tope mpaka magotini, mtoto mgongoni, uso wake umekuwa kijivu. Nilimpokea mtoto. Akakaa kwenye kiti cha mbao, akapumua, akapumua. Kisha akatoa vile vikaratasi ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akavihesabu mbele yangu, akaviweka ndani ya kiganja changu, akafunga vidole vyangu juu yake.

“Saa nane,” akasema. “Usipitishe.”

Nilikaa na saa ya Barnabé mbele yangu saa nzima. Saa nane kamili nilikoroga, nikampa. Nilimtazama Gisèle mpaka jioni kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Hakuna kitu kilimpata. Uso ulikuwa mwekundu kidogo, daktari alisema itakuwa hivyo. Aliomba mikate.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili

Nimempa. Yvette hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe.

Tarehe 9

Nimempa, saa zote tatu. Tunasikia redioni habari za vita upande wa Lubero. Ninakuombea wewe na nyumba yako. Leo Gisèle alipanda ngazi za duka bila kukaa. Sisemi kitu. Nimejifunza kutosema kabla ya kipimo.

Tarehe 14

Nimepita kwa Ayoubu kununua mpaka mwisho wa mwezi. Wale vijana wa moto walikuwepo. Kabla hawajafungua kinywa nikaweka karatasi mezani, nikasema kwa sauti: “Ni vile vya buluu, Papa Ayoubu. Vya mapafu ya mjukuu wangu.” Mmoja wao aliinua macho, akaniuliza kwa adabu: “Na anapata nafuu, Mama?” Nikamwambia tutajua siku ya pili ya juma, tarehe 17.

Tarehe 17

Gisèle alilala mwenyewe kwenye kitanda cha wagonjwa, akainua robe, akamwambia daktari: “Baridi, lakini kidogo.” Nilisimama mbali, karibu na mlango. Yvette akanitazama. “Mama, kuja umushike. Akiwa na weye anatulia.” Basi nikakaa, kichwa chake juu ya mkono wangu. Sikuomba kwa maneno. Nilisikia tu pumzi yake.

Daktari alipima. Akapima tena. Akamwita muuguzi naye atazame.

“Makumi sita na moja,” akasema.

Akaeleza kwamba bado ni juu, kwamba si kupona, kwamba Kinshasa watapima tena kwa kupitisha waya ndani ya mshipa, na wao ndio watasema neno la mwisho. Lakini mishipa imelegea. Mishipa bado inajua kulegea. Akachukua liste na kufuta ile alama ya kuuliza pembeni ya jina lake.

Barnabé alitoka nje. Nilimwona kupitia dirisha, anafuta uso kwa kofia yake.

Kisha daktari akauliza ni nani atamsindikiza mtoto, juu lazima aandike jina moja. Ndege ni mwezi wa kwanza tarehe 12, na Yvette atazaa siku hizohizo. Didier hawezi kuacha Pangi mpaka mwezi wa pili. Yvette akajibu bila kugeuka:

“Andika mama yangu.”

Daktari akainua kalamu. “Mama huyu? Wa asali?”

“Njo huyu. Anajua saa.”

Tarehe 18

Rodrigue anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo ninafunga hapa.

Yaya, Kinshasa ni majuma sita, pengine nane. Nitakuwa na Gisèle. Barnabé atabaki na duka, lakini mwanaume hawezi kumzalisha binti wala kumkanda. Yvette hana mama mwingine ila wewe. Ninakuomba uje Kindu ukae naye mpaka nitakaporudi na mtoto, kama ndege ingalipo na kama mguu wako unakubali. Na kama baada ya kusoma habari za Louis hutaki kuniona, bado uje kwa ajili ya Yvette.

Tafadhali unijibu upesi, kwa mkono wa Rodrigue ao kwa simu ya Barnabé, kabla ya tarehe 5 mwezi wa kwanza. Uniambie tu kama unakuja ao hapana.

Mdogo wako,
Kyakimwa